Tommy Kono: Tusiishukuru Kambi

Kuna hadithi moja ambayo waandishi wa michezo wa Marekani wameisimulia kwa miaka mingi, na ukiisikia mara ya kwanza lazima uipende. Mtoto mwembamba, mgonjwa wa pumu, anapelekwa kambini pamoja na familia yake. Hewa kavu ya huko inamtuliza kifua. Huko huko anakutana na vyuma. Miaka kumi baadaye yuko Helsinki, bingwa wa Olimpiki. Makofi, basi, tukalale.

Mtoto huyo ni Tommy Kono, na shida ya hadithi hii si kwamba ni ya uongo. Karibu kila kitu ndani yake ni kweli. Shida ni shukrani inayojificha humo ndani: kwamba, kumbe, kambi ilimfaa. Yaani ukiibana kidogo, hadithi inakuambia serikali iliwafungia watoto wa watu na mwisho wa siku mambo yakawa mazuri. Mimi naona maisha ya Kono yanasema jambo jingine kabisa, ila lazima tuyasome polepole na tuangalie tarehe.

Tamio Kono alizaliwa Juni 27, 1930, Sacramento, California, kitinda mimba kati ya watoto wanne wa kiume wa wahamiaji kutoka Japani. Wajapani walioko Marekani wana majina kwa kila kizazi: Issei ni wale wa kwanza waliovuka bahari, Nisei ni watoto wao waliozaliwa Marekani. Tofauti kati ya hao wawili ilikuwa zaidi ya umri. Nisei alikuwa raia kwa kuzaliwa. Issei hakuwa raia na hakuruhusiwa kuwa raia, hata akae miaka arobaini, hata alipe kodi kila mwaka, hata azeeke na kuzikwa pale. Sheria za uraia za wakati ule hazikuwa na mlango wa Mjapani.

Sisi tuna msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale Issei jembe walipewa, tena mapema sana, maana mashamba ya California yalihitaji mikono. Shamba ndilo walilonyimwa. Mwaka 1913 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kumzuia asiyeweza kuwa raia kumiliki ardhi ya kilimo. Mwaka 1924 serikali kuu ikafunga kabisa uhamiaji wa Wajapani. Kwa hiyo Tommy alipozaliwa, wazazi wake tayari walikuwa watu wa kuishi kwa ruhusa tu.

Halafu ikaja Pearl Harbor, Desemba 1941. Miezi miwili na kidogo baadaye, Februari 19, 1942, Rais Roosevelt akatia saini amri namba 9066. Amri hiyo iliwapa makamanda wa jeshi uwezo wa kumwondoa mtu yeyote katika eneo lolote watakalolitaja, na haikuandika neno Mjapani mahali popote. Haikuhitaji, kila mtu alijua ni nani wanaozungumziwa. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa katika majimbo ya pwani ya magharibi. Theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani. Wamarekani wenye asili ya Kijerumani na Kiitaliano hawakuzolewa hivyo kwa ujumla wao, ingawa nchi za babu zao nazo zilikuwa vitani na Marekani.

Kuna swali ambalo huwa linanikaa kichwani hapa. Hawaii, ambako mabomu yenyewe yaliangukia, watu wenye asili ya Kijapani walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi wote. Je, nao walizolewa? Hapana. Walikamatwa wachache tu, kwa majina. Ungewafungia wote, nani angebaki kukata miwa, kujenga, kuendesha bandari? Hofu ya usalama, basi, ilijua kuhesabu vizuri sana. Pale walipokuwa wachache waligeuka hatari. Pale walipokuwa nguvu kazi waliachwa.

Matangazo ya kuondoka yalibandikwa mitaani, na maagizo yake yalisema kila familia ichukue vile tu inavyoweza kubeba yenyewe. Mengine yote, maduka, magari, samani, mazao yaliyokuwa bado shambani, yaliuzwa kwa bei ya kutupa au yaliachwa tu. Ukisoma maisha ya mtu ambaye baadaye alikuja kupimwa duniani kote kwa kilo alizoweza kubeba, agizo hilo linagusa mahali pabaya.

Familia ya Kono ilipelekwa Tule Lake, kaskazini mwa California, karibu na mpaka wa Oregon. Palikuwa sakafu ya ziwa lililokaushwa: vumbi, upepo, baridi kali wakati wa kipupwe. Mabanda ya mbao yalipangwa safu kwa safu, vyoo na mabafu ni vya wote, chakula ni kwa foleni. Kuzunguka kote kuna seng'enge na minara yenye askari wenye bunduki. Kati ya kambi kumi za aina hiyo, Tule Lake ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote. Wakati wa kilele chake ilikuwa na watu zaidi ya 18,000. Tommy alifika akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mbili au ndiyo kwanza anaitimiza, na akakaa zaidi ya miaka mitatu.

Sasa hapa ndipo hadithi ile tamu inapoingia. Ni kweli hewa ya pale ilimsaidia. Yeye mwenyewe alisema hivyo mara nyingi, na alisema bila kinyongo. Nyumbani Sacramento pumu ilikuwa imemkosesha shule, na wazazi walikuwa wamehangaika na kila dawa waliyoambiwa. Pia ni kweli kwamba vyuma alivishika mara ya kwanza kule. Lakini nani aliyemwita? Waliomwita na kumwonyesha jinsi ya kushika walikuwa majirani zake wa mabandani, vijana wa Kijapani waliofungwa kama yeye. Serikali ilileta seng'enge, minara na askari. Vyuma na mafunzo vilitoka kwa wafungwa wenzake. Watu waliochukuliwa kila kitu walikuwa bado na kitu cha kumpa mtoto wa jirani, na wakampa. Kama kuna wa kushukuriwa, basi ni hao.

Na hewa je? Hewa ya jangwani ingeweza kupatikana bila bunduki juu ya kichwa cha mtoto.

Mwaka 1943 kambini kukaletwa karatasi ya maswali. Mawili yalivunja familia. Swali la 27 liliuliza kama mhusika yuko tayari kulitumikia jeshi la Marekani popote atakapotumwa. Swali la 28 liliuliza kama anaapa utii kwa Marekani na kuukana utii wowote kwa mfalme wa Japani. Fikiria wewe ni Issei. Uraia wa Marekani umenyimwa kwa sheria, wa Kijapani ndio pekee ulio nao, na unatakiwa kuukana. Ukisema ndiyo, unaweza kubaki mtu asiye na nchi. Ukisema hapana, wewe ni adui. Waliojibu hapana mara mbili walikusanywa Tule Lake, ambayo iligeuzwa kuwa kambi ya wale walioitwa si waaminifu. Vifaru vikaletwa, na kwa muda jeshi likaiendesha kambi. Vita ilipokaribia kwisha, zaidi ya watu 5,000 waliozaliwa Marekani walikuwa wameukana uraia wao, wengi mno wakiwa Tule Lake. Wengine walifanya hivyo kwa hasira, wengine kwa hofu, wengine kwa kutaka tu wasitenganishwe na wazazi wao.

Hayo ndiyo mazingira ambayo kijana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, alikuwa akijifunzia kunyanyua vyuma. Ukiiondoa sehemu hii, kambi inabaki kama sanatoria yenye gym.

Familia ilirudi Sacramento baada ya vita. Tommy aliendelea na vyuma, na mwaka 1948 akaingia mashindano yake ya kwanza. Ilipokuja vita ya Korea, jeshi la nchi ileile iliyomfungia likamwita. Akafunzwa upishi wa jeshini, na alikuwa mbioni kupelekwa Korea, ila wakubwa wakagundua kwamba mpishi wao ana uwezo wa kuiletea nchi medali. Akabakizwa afanye mazoezi.

Twende kwenye tarehe sasa. Juni 27, 1952, Kono anatimiza miaka 22. Siku hiyohiyo, Bunge la Marekani linakamilisha kupitisha sheria mpya ya uhamiaji na uraia, kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Truman. Truman aliipinga kwa sababu iliendeleza mgawo wa wahamiaji kwa misingi ya asili zao. Pamoja na ubaya huo, sheria hiyo ilifungua kitu kimoja: kwa mara ya kwanza Issei waliruhusiwa kuomba uraia. Ila ingeanza kutumika Desemba 24.

Julai 26, 1952, Helsinki, Kono anapanda jukwaani katika daraja la kilo 67.5. Enzi zile kulikuwa na staili tatu: kusukuma chuma kutoka mabegani kwa nguvu ya mikono, kukivuta kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha kwa hatua mbili, kwanza mabegani kisha juu. (Ile ya kwanza ilifutwa baada ya Olimpiki ya 1972.) Kono akasukuma kilo 105, akavuta kilo 117.5 ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, akapandisha kilo 140. Jumla kilo 362.5. Mrusi Yevgeny Lopatin alikuwa wa pili kwa kilo 350.

Kwa hiyo siku bendera ya Marekani ilipopandishwa kwa ajili yake, wazazi wake walikuwa hawajaruhusiwa bado kuwa raia wa nchi hiyo. Ilibaki miezi mitano. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya angethubutu kupanga tarehe namna hiyo, msomaji angesema amezidisha.

Timu yenyewe ya Marekani ilikuwa darasa la uhamiaji. Walitwaa dhahabu nne. Mbali na Kono kulikuwa na Pete George, mtoto wa wahamiaji kutoka Balkani, Norbert Schemansky mwenye asili ya Poland, na John Davis, Mmarekani mweusi kutoka New York. Upande wa Umoja wa Kisovieti, uliokuwa ukishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, bingwa wao mmoja alikuwa Ivan Udodov. Huyu aliletwa kwenye vyuma na Buchenwald. Alipookolewa kutoka kambi hiyo ya Wanazi alikuwa na uzito wa takriban kilo 30, na alianza mazoezi ili arudi kuwa mtu. Buchenwald na Tule Lake si kitu kimoja, na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila jukwaa lile moja la Helsinki lilibeba mabingwa wawili waliotoka nyuma ya seng'enge, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Buchenwald ilimfaa Udodov. Kwa nini basi sentensi ileile inatoka kirahisi ikija zamu ya Kono?

Kuanzia 1953 hadi 1959 Kono hakushindwa katika mashindano ya dunia wala Olimpiki. Melbourne, 1956, alichukua dhahabu ya pili, safari hii katika daraja la kilo 82.5, kwa jumla ya kilo 447.5 ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Alimwacha wa pili kwa kilo 20. Roma, 1960, alishuka daraja la kilo 75 akapata fedha nyuma ya Mrusi Aleksandr Kurynov. Kuhamahama huko madaraja hakukuwa mchezo. Timu ikihitaji pointi kwenye uzito mwepesi, Kono anapunguza chakula. Ikihitaji kwenye uzito mkubwa, anakula mara sita au saba kwa siku. Aliweka rekodi za dunia 26 katika madaraja manne tofauti, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu mwingine. Juu ya hapo akawa Mr. Universe mara tatu, 1955, 1957 na 1961.

Ukimkuta amekaa benchi usingemdhania. Alivaa miwani, mpole, kama karani wa posta. Anaivua miwani, anatembea kwenda kwenye chuma, na mtu anabadilika. Mpinzani wake mmoja wa Kirusi alilinganisha macho ya Kono na ya chatu anapomtazama sungura.

Serikali ya Marekani iliona faida yake haraka sana. Ilikuwa vita baridi, na Warusi walikuwa wakiwaambia watu wa Asia na Afrika kwamba Marekani ni nchi ya ubaguzi. Jibu zuri kuliko hotuba lilikuwa kumtuma bingwa mwenye sura ya Kijapani. Mwaka 1955 Kono alikuwa kwenye timu iliyokwenda Moscow na Leningrad, na baadaye kwenye ziara ya nchi za Asia na Mashariki ya Kati. Miaka kumi baada ya kutoka Tule Lake, yeye ndiye aliyekuwa ushahidi kwamba Marekani inawathamini wote. Sidhani alilazimishwa, na sina sababu ya kumlaumu. Aliipenda nchi yake. Ila upendo wa mtu kwa nchi yake haufuti deni la nchi.

Na hapa wapenzi wa vitabu tusimame kidogo. Mwaka 1957, mwaka ambao Kono alitwaa ubingwa wa dunia Tehran na Mr. Universe, John Okada alichapisha riwaya yake No-No Boy. Okada naye alikuwa Nisei, naye alifungiwa kambini, kisha akatumikia jeshi la Marekani. Mhusika wake mkuu, Ichiro, ni kijana aliyekataa, akafungwa jela, anarudi Seattle baada ya vita na hakuna anayemtaka, hata Wajapani wenzake. Kitabu hicho hakikununuliwa. Toleo la kwanza la nakala 1,500 halikuwa limeisha Okada alipofariki mwaka 1971, na ilibidi waandishi vijana wa Kiasia wakifufue mwaka 1976. Nisei mshindi alipigiwa makofi. Nisei aliyevunjika, hata katika hadithi ya kubuni, hakupata msomaji. Kila mmoja anahitajika ili tumwelewe mwenzake.

Hata ushindi wenyewe ulikuwa na mipaka. Harold Sakata, Nisei wa Hawaii, aliipatia Marekani medali ya fedha London 1948 katika mchezo huuhuu. Dunia inamkumbuka kwa nini? Kwa Oddjob, mtumishi katili wa filamu ya Goldfinger ya 1964, mwenye kofia ya kuua, asiyetamka neno la maana hata moja.

Kono alihamia Honolulu katikati ya miaka ya 1950, mahali ambapo sura yake haikuwa ya kigeni, na huko akaishi hadi mwisho. Alifundisha timu ya Mexico kwa Olimpiki ya 1968, ya Ujerumani Magharibi kwa ile ya 1972, na ya Marekani mwaka 1976. Aliandika vitabu viwili vya ufundi wa mchezo wake. Arnold Schwarzenegger amesimulia jinsi alivyomwona Kono Vienna mwaka 1961 akiwa kijana, na jinsi alivyovutiwa. Kijana huyo naye akaja kuhamia Marekani, na mwaka 2003 akachaguliwa gavana wa California, jimbo lilelile lenye Sacramento na Tule Lake. Kono alifariki Aprili 24, 2016, akiwa na miaka 85.

Mara nyingi tunapowatetea wahamiaji tunakimbilia majina ya namna hii. Huyu kaleta medali, yule kafungua kampuni, mwingine daktari bingwa. Nia ni njema, lakini hoja hiyo ina sumu. Inakubali kwamba mtu wa kuja, na mtoto wake, lazima abebe zaidi ya wengine ndipo ahesabiwe. Kati ya watu wale 120,000, bingwa wa Olimpiki mara mbili katika vyuma ni mmoja. Wengine walikuwa wafua nguo, wavuvi, walima jordgubbar, walimu, wazee, watoto wachanga. Kosa lililofanywa kwao lilikuwa kosa kamili, haijalishi walikuja kuwa nani.

Agosti 10, 1988, Rais Reagan alitia saini sheria ya kuomba radhi. Ilitaja chanzo cha yote kuwa ubaguzi wa rangi, wazimu wa wakati wa vita na udhaifu wa viongozi wa kisiasa. Kila aliyefungiwa na aliyekuwa bado hai siku ile alistahili dola 20,000. Zaidi ya watu 80,000 walilipwa. Wengi wa Issei walikuwa wameshafariki. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Tommy Kono, mwenye dhahabu mbili, fedha moja na rekodi 26 za dunia, alistahili kiasi kilekile alichostahili jirani yake wa bandani ambaye hakuwahi kushinda kitu maishani mwake. Pesa zilikuwa kidogo na zilichelewa. Lakini hesabu hiyo, angalau, waliipata sawasawa.